Mlinzi sharti ajue mwizi anavyoingia

Mzazi, ungeshtuka kusikia mwanao anayesomea kompyuta Kitale au Bungoma anafunzwa mbinu za wezi? Usishtuke. Fundi asiyejua jinsi kufuli linavyofunguliwa bila ufunguo hawezi kutengeneza lililo imara.

Hata hivyo, mazoezi yafanywe kwa kompyuta za darasani zilizotengwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 inasema anayeingia katika kompyuta ya mtu bila idhini hutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mwanafunzi aielewe mapema.

Nyumbani, anza na simu: namba ya siri ya M-Pesa haitajwi kwa yeyote, hata anayedai ametuma pesa kimakosa. Hilo ndilo somo la kwanza.