AFYA YETU: Mmoja Akiugua Katika Nyumba ya Kuchangia



Wengi wetu tukifika huku huanza kwa kuchangia nyumba na watu tusiowajua. Mmoja ana shifti ya usiku, mwingine anabeba boksi mchana, mnasalimiana mlangoni tu. Usiku wa tarehe 23 Machi 2020, amri ya Kaunti ya Dallas ya watu kubaki majumbani kwa sababu ya Korona ilipoanza kutumika, watu wa namna hiyo walijikuta wamefungiwa pamoja, friji moja na choo kimoja.

Kama nesi niliyesomea nyumbani na hapa, nawaambia kinachotuponza zaidi ni kuficha. Mtu anakohoa chumbani, ananyamaza, anaogopa kuambiwa ahame. Korona huambukiza hata siku moja au mbili kabla ya dalili, sasa akificha siku tatu zaidi itakuwaje?

Kwa hiyo kaeni kikao leo, mkiwa wazima, mkubaliane haya:

1. Anayeugua aseme mapema, na asifukuzwe.
2. Abaki chumbani, mlango umefungwa, dirisha wazi. Chakula awekewe mlangoni. Akitoka avae barakoa.
3. Choo kikiwa kimoja, aoge baada ya wengine, awashe feni, afute koki na kitasa.
4. Viyoyozi vya nyumba nyingi za Texas huzungusha hewa ile ile vyumba vyote. Badilisheni kichujio, cha MERV 13 ni kizuri kama mashine yenu inakikubali.
5. Kila mmoja aandike namba ya simu ya ndugu yake na dawa anazotumia, ibandikwe kwenye friji. Msije mkashindwa kujua wa kumpigia.

Mgongeeni mgonjwa asubuhi na jioni. Akihema kwa shida, kifua kikimbana, akichanganyikiwa, au fizi na kucha zikigeuka kijivu au bluu, pigeni 911 mara moja. Msingoje kwa kuogopa bima. Sheria ya mwaka 1986 inazitaka karibu hospitali zote zenye chumba cha dharura zimpime mgonjwa na kumtuliza hata kama hana bima. Bili itakuja baadaye, na inazungumzika.

Mwenye miaka 50 na zaidi, kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari haraka, kwani dawa ya Paxlovid huanzwa ndani ya siku 5 za mwanzo wa dalili.

Tena kutengwa kuna mwisho. Tangu Machi 2024, CDC inasema mgonjwa atoke akiwa anapata nafuu na amemaliza saa 24 bila homa, bila kumeza dawa ya kuishusha, kisha ajihadhari siku 5 zaidi, pamoja na kuvaa barakoa. Hata Ebola ilipofika Dallas mwaka 2014, watu wanne waliokaa apatimenti moja na mgonjwa walitengwa siku 21, na hakuna hata mmoja wao aliyeugua.

Mpitishie na mwenzako wa chumba cha pili asome. Nawatakia afya njema.