Hongo ya Njia na Mwenye Mnara

Msafiri atokaye Tabora kwenda Kigoma kwa gari moshi hupita Urambo na Kaliua kabla hajafika Usinge, na mbele yake bado yako mabonde ya mto Malagarasi. Reli hiyo, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa jumla mwelekeo wa misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo na vitambaa, shanga na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa. Mtaji mwingi wa biashara ile ulitoka Unguja. Wasomaji wetu wa Visiwani wasidhani basi kuwa habari za Usinge ni habari za ugenini.

Katika njia hiyo ndimo hongo ilimopata sifa yake. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtawala wa nchi ili upite salama. Burton na Speke, waliotumia siku 134 mwaka 1857 kutoka pwani hadi Kaze, karibu na Tabora ya leo, walilipa njiani mara nyingi, na walipofika Malagarasi walilipa tena ili wavushwe. Mtemi Mirambo wa Urambo alilijua jambo hili kuliko wote. Alipopigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871, aliifunga njia, na wafanyabiashara wa Unguja wakaonja uchungu wake. Leo neno hilohilo lina maana ya rushwa.

Tumeyakumbuka hayo kwa sababu ya mtu mmoja aliyejenga njia ya namna nyingine katika Afrika, akakataa kulipa hongo ya namna hii ya pili. Mtu huyo ni Mo Ibrahim.

Alizaliwa Sudan mwaka 1946 katika jamii ya Wanubi, akakulia Misri, akasomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Alexandria. Baada ya kulitumikia shirika la simu la nchi yake alihamia Uingereza mwaka 1974, akasoma Bradford, kisha Birmingham alikopata shahada ya udaktari katika mawasiliano ya simu zisizotumia waya. Mwaka 1983 aliajiriwa na shirika la simu la Uingereza, akawa mkuu wa ufundi wa Cellnet. Mwaka 1989 aliacha kazi hiyo yenye heshima, akaanzisha nyumbani kwake kampuni ya ushauri iliyoitwa MSI. Kazi yake ilikuwa kuwachorea wenye makampuni ramani za mitambo: mnara usimame wapi, mawimbi yafike wapi, gharama iwe kiasi gani. Mwaka 2000 kampuni hiyo iliuzwa kwa Marconi kwa zaidi ya dola milioni 900 za Marekani, na wafanyakazi waliokuwa na hisa wakapata fungu lao.

Lakini lililo kubwa kwetu ni Celtel, aliyoianzisha mwaka 1998. Yeye mwenyewe amesimulia kuwa alipomshawishi mkuu wa kampuni moja kubwa aombe leseni ya Uganda, alijibiwa kwa habari za Idi Amin, ambaye alikuwa amekwisha kuondolewa madarakani tangu mwaka 1979. Wakubwa wa Ulaya walipoiogopa Afrika, mhamiaji huyu alirudi kuijenga. Akaweka sharti kuwa malipo makubwa yasitoke bila idhini ya bodi nzima, ili afisa akiomba chochote chini ya meza, meneja awe na jibu. Sisi tunalihesabu sharti hilo kuwa ni uvumbuzi usiopungua mnara wowote.

Mwaka 2005 Celtel iliuzwa kwa kampuni ya MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Ikaitwa Zain. Mwaka 2010 shughuli zake nyingi za Afrika zikanunuliwa na Bharti Airtel ya India kwa dola bilioni 10.7. Mkazi wa Usinge mwenye laini ileile aliona jina tu likibadilika. Hakuulizwa, wala hakuelezwa.

Na serikali je? Celtel iliingia Tanzania mwaka 2001 kwa mlango wa TTCL, ambayo sehemu ya hisa zake ziliuzwa kwa MSI na mshirika wake wa Ujerumani. Kilicho cha TTCL na kilicho cha Celtel kilikuja kuwa ugomvi wa miaka mingi, hata mwishoni mwa mwaka 2017 Serikali ikatamka hadharani kuwa Airtel ni mali ya TTCL. Ugomvi uliisha mwaka 2019 kwa mapatano: hisa za Serikali zikapanda kutoka asilimia 40 hadi 49. Mapatano hayo ni mema, lakini yalikuja baada ya kampuni kuuzwa mara mbili.

Visiwani nako mambo ni hayo hayo. Mwaka 2015 Millicom, wenye Tigo, walichukua asilimia 85 ya Zantel kwa dola 1, pamoja na mzigo wa madeni ya dola milioni 74. Asilimia 15 ikabaki kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kisha Zantel ikaunganishwa na Tigo, na mwaka 2022 zote zikapita mikononi mwa kundi lililoongozwa na Axian ya Madagascar.

Mo Ibrahim, kwa fedha alizopata, alianzisha tuzo ya viongozi wanaotawala vyema na kuondoka madarakani kwa wakati. Mwaka 2015 aliyemtangaza Hifikepunye Pohamba wa Namibia kuwa mshindi alikuwa mwana wa Pemba, Dk. Salim Ahmed Salim. Sisi tunawaomba maafisa wanaosoma safu hii walifuate lile sharti la bodi nzima. Kampuni ya simu yenye hisa za umma itakapouzwa au kuunganishwa tena, bei, madeni na fungu la wananchi yawekwe mbele ya Bunge na Baraza la Wawakilishi kabla ya saini, na si miaka kumi na mingapi baadaye.