Ufunguo wa Bweni Anao Nani?

Siku ya wazazi kutembelea shule tunaijua vizuri. Kuku anakaangwa tangu alfajiri, chapati zinafungwa kwenye foili, na mama mzazi alishapitia saluni jana yake maana wazazi wenzake watamwangalia. Tukifika tunatandika kanga chini ya mwembe, tunauliza maksi za hesabu, tunapiga picha, jioni huyoo tunaondoka. Hivi mpenzi msomaji, ni lini uliingia mle anamolala mwanao ukauangalia mlango?

Mimi nimesoma bweni, shule ya wasichana ambayo sitaitaja. Saa nne usiku matroni anafunga kufuli kwa nje, anaondoka na ufunguo hadi kwake, ng'ambo ya uwanja wa netiboli. Madirisha yote nondo. Ndani tupo themanini na kitu, vitanda vya juu na chini, matranka yamejaa njiani, na kila msimu wa mitihani lazima kuna mtu kaficha mshumaa anakariri baiolojia. Tulijiona tuko salama kabisa. Salama dhidi ya nani? Dhidi ya wavulana, bila shaka!

Juni 1994, bweni la Shauritanga kule Rombo liliungua na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Machi 1998 ikawa zamu ya Bombolulu, Kwale, jirani zetu Kenya: wasichana 26, mlango umefungwa na madirisha yana nondo. Agosti 2009 ikawa Idodi, Iringa, wasichana 12. Huko Idodi kilichotajwa kuwa chanzo ni mshumaa wa kusomea. Ule ule wetu.

Sasa tusikimbilie kumlaumu matroni. Kufuli lile lina sababu yake. Julai 1991, katika shule ya mchanganyiko ya St. Kizito, Meru, wavulana waliwavamia wasichana wa shule hiyohiyo usiku bwenini. Wasichana 19 walikufa na wengine wengi wakabakwa. Mzazi aliyesikia habari ile, ukimwambia mlango wa bweni la binti yake haufungwi, atakuhamishia mtoto kesho yake. Na mimi ningemhamisha.

Ila kumzuia mtu asiingie si lazima umzuie aliye ndani asitoke. Komeo la ndani linafanya kazi hiyo, na fundi yeyote wa mtaani analiweka. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa Kenya mwaka 2008 umeyasema haya bila kuzunguka: mlango kila upande wa bweni, ufunguke kwa nje, usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, madirisha bila nondo, nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda. Mwongozo mzuri, lakini karatasi haifungui mlango. Septemba 2017 bweni la Moi Girls, Nairobi, liliungua, wasichana 10 wakafa.

Kingine ni namba. Wengi tuliona kuhesabiwa usiku ni adhabu tu ya kutunyima usingizi. Kumbe moto ukitokea, mwalimu anayejua kuwa bwenini walilala 78 ndiye pekee anayeweza kusema bado wawili hawajatoka. Asiyejua ataingia mwenyewe ndani ya moshi kutafuta watu ambao labda wako kwao na ruhusa ya kuugua.

Mwaka jana nilimtembelea binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili. Kabla hatujafungua hotpoti nikamwomba matroni anionyeshe bweni. Mtoto akanivuta mkono, “Mama mdogo, unaniaibisha!” Nikaingia hivyohivyo. Mlango wa mbele una komeo la ndani, safi. Wa nyuma umezibwa na kabati, na matroni akasema pale palikuwa panavuja mvua. Nikaenda kwa mkuu wa shule, kwa adabu zangu zote, na wazazi wengine watatu wakanifuata, mmoja bado ana paja la kuku mkononi.

Muhula uliofuata kabati lilikuwa limehamishwa. Nondo za madirishani bado zipo. Nimeyahesabu, madirisha kumi na moja, na kikao cha wazazi ni mwezi ujao.