Kuondoa Weupe Nyuma ya Picha: Hesabu ya Ukingo wa Jani

Mwalimu wa biolojia atakaye kuonyesha dalili za batobato ya muhogo hulilaza jani juu ya karatasi nyeupe, hulipiga picha, kisha huiagiza kompyuta ifute karatasi ili jani libaki peke yake. Ugonjwa huu, ambao Warburg aliueleza mwaka 1894 kutoka Afrika Mashariki, hulitia jani mabaka ya manjano, pengine yaliyopauka hata kukaribia weupe. Hapo ndipo penye hatari. Programu iliyoambiwa ifute kila cheupe huweza kufuta na mabaka, na jani gonjwa likatoka na matundu kama lililoliwa na wadudu.

Yafaa ieleweke kwamba kompyuta haijui jani wala karatasi. Picha kwake ni jedwali la nukta ndogo mno, ziitwazo piseli, na kila nukta huandikwa kwa namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255. Weupe kamili ni 255, 255, 255. Karatasi iliyopigwa picha darasani haifikii weupe huo, hasa penye kivuli. Kwa hiyo programu hupewa ruhusa ya kufuta hata namba zilizo karibu. Ruhusa ikizidi, jani huliwa. Ikipungua, karatasi huacha madoa. Ni afadhali ufutaji uanzie pembeni mwa picha na kuenea kutoka nukta hadi jirani yake, hadi rangi ibadilike ghafla. Baka lililozungukwa na kijani halitafikiwa. Lile lililogusa ukingo laweza kufikiwa, na hapo hapana budi mpaka uchorwe kwa mkono.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika ukingo wenyewe. Nukta ya mpakani hupokea nuru ya jani na ya karatasi kwa pamoja, na kamera huandika mchanganyiko. Ikiwa rangi ya jani ni 40, 110, 50, na nukta imegawanyika nusu kwa nusu, itasomeka 148, 183, 153, yaani kijani kilichopauka. Ikifutwa, ukingo huwa kama meno ya msumeno. Ikiachwa, utando mweupe hulizunguka jani mara liwekwapo juu ya rangi nyeusi.

Ufumbuzi ulitokea New York katika miaka ya 1970, pale Alvy Ray Smith na Ed Catmull walipoiongezea nukta namba ya nne, alfa, ionyeshayo ni sehemu gani ya nukta iliyofunikwa na kitu. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff walichapisha kanuni za kuunganisha picha za namna hiyo. Msingi wake ni huu:

rangi ionekanayo = alfa × rangi ya kitu + (1 − alfa) × rangi ya nyuma

Kwa nyekundu ya mfano wetu, 148 = 40 × alfa + 255 × (1 − alfa); hivyo alfa ni 107/215, karibu 0.5. Nukta hupewa rangi halisi ya jani pamoja na alfa hiyo, na utando hutoweka. Msomaji atatambua kwamba rangi ya jani ilijulikana kutokana na nukta za ndani. Bila hiyo, ingekuwapo milinganyo mitatu kwa vitu vinne visivyojulikana.

Programu ya GIMP, ambayo hailipiwi, ina amri ya kugeuza rangi kuwa alfa. Amri hiyo haiulizi rangi ya kitu. Huchukua alfa ndogo kuliko zote ziwezekanazo. Kwa mchoro wa wino mweusi matokeo ni mazuri sana. Kwa jani la mfano, alfa huwa 215/255, yaani 0.84, na jani zima hupenyeza nuru.

Wanafunzi wapimao eneo la jani kwa kuhesabu nukta, huku rula imewekwa kando, wajumlishe alfa, wala wasihesabu kila nukta ya ukingoni kuwa nzima.

Mwishowe, picha ihifadhiwe kwa mtindo wa PNG. Faili ya JPEG haina nafasi ya namba ya nne, na picha ikihifadhiwa humo sehemu zilizo wazi hujazwa rangi tena, mara nyingi nyeupe ile ile.