Kabla ya mti, likeni

Ukitoka Ndosho, mtaa wa Goma, kuelekea Mugunga na Sake, kando ya barabara kumebaki vichaka vifupi, vimebanwa kati ya nyumba za mbao na mawe meusi ya volkano. Watu huviona kama pori tu linalongoja kugawanywa viwanja. Mti wa hapa, wanasema, ukikatwa unarudi. Si mara zote.

Lava ikipoa haina udongo, na maji ya mvua hupotelea katika nyufa zake. Kinachotangulia kuishi hapo si majani. Ni likeni ya kijivu, Stereocaulon vesuvianum, ile tunayoikanyaga tukidhani ni uchafu wa mawe. Ndani yake kuvu na mwani huishi pamoja: mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kuvu hushika jiwe na kutunza unyevu. Tena ina vijivimbe vinavyohifadhi bakteria wa kunasa naitrojeni ya hewani, na naitrojeni ndiyo rutuba inayokosekana kabisa katika lava changa. Likeni ikifa, mabaki yake huchanganyika na vumbi ndani ya ufa. Hapo kangaga hupata pa kushika, vichaka hufuata, na mti huja mwisho. Kazi hiyo huchukua miongo mingi. Kwenye lava ya volkano ya Nyamulagira iliyofika Ziwa Kivu karibu na Sake katika mlipuko wa 1938 hadi 1940, hata leo udongo ni haba.

Kisiki kilichoachwa huweza kuchipua. Kikingʼolewa kwa ajili ya makala, yaani mkaa, udongo huondoka na mizizi, na jiwe linaanza upya na likeni. Na wanaohitaji kuni ni wengi: mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Mugunga na Kibumba. Kuanzia 2022 wahamishwa wa vita wakajenga vibanda Bulengo, Lushagala na Rusayo. Simlaumu mama anayetafuta kuni. Maharage yakigawiwa bila cha kuyapikia, yanampeleka moja kwa moja msituni, hadi ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mashamba ya mikaratusi ya EcoMakala, mradi wa WWF, yanasaidia, lakini mikaratusi inataka udongo uliokwisha kukomaa, kama ule wa Masisi. Lava changa haitaotesha miti ya makala.

Zaidi ya kuni, vichaka hivi vya kando ya barabara hutoa pia fito, dawa, malisho ya mbuzi, maua ya nyuki, kivuli.