Je, Wajua? Mpira wa Mkojo na Upasuaji

Mkazi wa Rubona, Rwanda, anayehitaji kupasuliwa kwa kawaida hupelekwa Hospitali ya Wilaya ya Gisenyi, kilomita chache kando ya Ziwa Kivu. Kabla ya siku hiyo watu huulizia kisu, damu na gharama. Mpira wa mkojo, yaani katheta inayotoa mkojo kibofuni hadi kwenye mfuko, wengi wanaukuta mwilini wakishazinduka. Heri kuujua mapema.

Je, wajua kwamba…

• Si kila upasuaji unaudai? Kwa upasuaji mfupi, kama wa ngiri ndogo, mara nyingi unaambiwa tu ukojoe kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Wanaouhitaji zaidi ni mama wanaojifungua kwa upasuaji, wanaopasuliwa kizazi au tezi dume, na wale wa upasuaji wa saa nyingi.

• Ganzi ya mgongo hulaza kibofu pia? Kinajaa bila wewe kuhisi. Na kwa mama anayejifungua, kibofu kimekaa mbele ya mji wa mimba. Kikiwa kitupu, daktari hukikwepa kwa urahisi.

• Mkojo hupimwa kama mapigo ya moyo? Mtu mzima hutarajiwa kutoa angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kila saa. Mwenye kilo 60 atoe mililita 30. Ukipungua kwa saa kadhaa, huenda mwili umekosa maji, damu inavuja ndani au figo zimezidiwa. Kwa hiyo ndugu anayekuuguza wodini asimwage mfuko wa mkojo kabla muuguzi hajapima.

• Mara nyingi mpira huwekwa baada ya ganzi kushika? Basi husikii kitu. Ukiwekewa ukiwa macho, utasikia jeli ya baridi, msukumo na kuwashwa kwa muda mfupi. Vuta pumzi ndefu, legeza mapaja. Omba pazia livutwe na uelezwe kila hatua. Ni haki yako.

• Unene wake una kipimo chake? Kilianzishwa Paris katika karne ya 19 na Charrière, fundi wa vifaa vya upasuaji. Kila namba 3 ni milimita 1. Namba 16, inayotumika sana kwa watu wazima, ina unene wa zaidi kidogo ya milimita 5.

• Kinachouzuia usichomoke ni puto dogo la maji? Ncha yake ina puto linalojazwa takribani mililita 10 za maji safi. Mpira wa namna hii umebeba jina la Frederic Foley, daktari wa Minnesota, Marekani, aliyeuendeleza katika miaka ya 1930. Usiuvute kamwe: puto likiwa limejaa litachana njia ya mkojo. Muuguzi hunyonya maji hayo kwa bomba la sindano kwanza, ndipo anauchomoa.

• Unaweza kubanwa na mkojo huku kibofu kikiwa kitupu? Kibofu kinaujibu mpira kwa kujikaza. Usijikamue. Maumivu yakizidi, au mkojo ukivuja pembeni, mwite muuguzi. Huenda mpira umejikunja au umeziba.

• Mkojo mwekundu si hatari kila mara? Baada ya upasuaji wa tezi dume, rangi ya waridi hutarajiwa kwa siku kadhaa. Damu nzito, mabonge au mkojo kukatika ghafla: hapo usisubiri.

• Mfuko unapaswa kukaa chini ya usawa wa kibofu, lakini usiguse sakafu? Ukiinuliwa juu, mkojo unarudi ndani na vijidudu vyake. Ukirudi nyumbani nao, zingatia hilo hata ndani ya gari au kwenye pikipiki. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuugusa.

• Chemchemi za maji moto za Rubona zinaweza kungoja? Wengi huenda kujiloweka humo wakitafuta nafuu ya maungo. Mwenye mpira wa mkojo au kidonda kibichi asiingie humo wala ziwani. Maji ya kujimwagia na sabuni yanatosha.

• Kila siku unayobaki nao, hatari huongezeka? Uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa takribani asilimia 3 hadi 7 kwa siku. Ndiyo maana kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) kinashauri utolewe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24 baada ya upasuaji, kama hakuna sababu ya kuuacha.

• Fistula ya uzazi, yaani tundu kati ya kibofu na uke linaloachwa na uzazi mgumu, ina hesabu yake? Tundu hilo likishashonwa, mpira hulinda mshono usitanuliwe na mkojo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kwa wanawake 524 wa nchi nane za Afrika zikiwemo Kongo, Uganda na Kenya, ulionyesha kwamba kwa fistula nyepesi siku 7 zinafaa sawa na 14. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza siku 7 hadi 10. Kwa mama anayesubiri kurudi kwa wanawe, hadi wiki nzima imeokolewa.

• Kukojoa mara ya kwanza baada ya kutolewa huunguza kidogo? Hilo hupita. Lakini saa 6 hadi 8 zikipita bila mkojo, au ukipata homa, kutetemeka au maumivu ya kiuno, rudi hospitali siku hiyohiyo.

• Swali moja linaweza kukukinga? Kila asubuhi madaktari wanapopita wodini, uliza: “Dokta, mpira huu bado unahitajika?” Kuuliza hivyo si kukosa adabu. Wodi ikijaa, mpira husahaulika kwa urahisi, na mgonjwa au ndugu yake ndiye wa kwanza kukumbusha. Jibu likiwa ndiyo, uliza sababu na siku ya kuutoa. Likiwa hapana, omba utolewe asubuhi hiyohiyo.