Arzihali: Barua za Wanyonge kwa Wakubwa wa Ireland

Mtu mnyonge akipatwa na shida ambayo mkubwa mmoja tu aweza kuiondoa, atafanyaje? Kusema naye ana kwa ana hawezi, kwa kuwa mkubwa yu mbali na mlango wake una walinzi. Kushindana naye kwa nguvu hawezi. Wahenga walikwisha sema, mwenye nguvu mpishe. Njia iliyobaki ni karatasi. Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza jinsi watu wa Ireland, yapata miaka mia mbili iliyopita, walivyoitumia njia hiyo: barua zao zilikuwa za namna gani, zilipita katika mikono ya nani, na kwa nini nyingine zilisikizwa na nyingine zikakataliwa.

Ireland ni kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Hata mwisho wa mwaka 1800 kilikuwa na Bunge lake katika mji wa Dublin. Tarehe 1 Januari 1801 nchi hizo mbili ziliunganishwa, Bunge la Dublin likaondolewa, na tangu siku hiyo sheria za Ireland zikatungwa London. Walakini kazi ya kutawala kila siku ilibaki Dublin, katika majengo ya serikali yaitwayo Ngome ya Dublin. Mkubwa wa huko alikuwa Naibu wa Mfalme, na pamoja naye Katibu Mkuu, ambaye ndiye aliyeendesha mambo mengi. Robert Peel, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza baadaye, alishika kazi hiyo ya Katibu Mkuu tangu mwaka 1812 hata 1818.

Wengi wa wenyeji walikuwa wakulima maskini, waliokodi vipande vidogo vya ardhi na kuishi kwa viazi. Yapata wanne katika kila watu watano walikuwa Wakatoliki, na kabla ya mwaka 1829 Mkatoliki hakuweza kuketi katika Bunge. Juu ya hayo iliwapasa wakulima hao kulitolea fungu la kumi Kanisa la serikali, ambalo halikuwa kanisa lao. Basi mtu wa namna hiyo hakuwa na wa kumsemea London. Lakini desturi ya zamani ilimruhusu jambo moja: kumwandikia mtawala na kumwomba. Barua ya namna hiyo sisi twaiita arzihali, maana yake barua ya kumwomba mkubwa, iliyoandikwa kwa utaratibu wake maalum.

Jambo la kwanza lilikuwa kumpata mwandishi. Watu walipohesabiwa mwaka 1841, ilionekana ya kuwa katika kila watu 100 waliopata umri wa miaka mitano na zaidi, 53 hawakujua kusoma wala kuandika. Tena huko magharibi wengi walisema Kiairishi, lugha ya asili ya nchi, lakini barua za serikali ziliandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwenye shida alikwenda kwa padre, au kwa karani, au kwa mwalimu wa kijiji. Walimu hao wa vijiji waliwafundisha watoto katika vibanda au ghala, na hapo zamani hata nje kando ya ua wa miti, wakilipwa kidogo na wazazi. Mwenye shida alisema, mwenye kalamu aliandika. Ndiyo sababu tukizisoma arzihali hizo leo twasikia sauti mbili pamoja: sauti ya mwenye machozi, na sauti ya mwalimu apendaye maneno makubwa.

Utaratibu wenyewe ulijulikana na wote. Barua ilianza kwa kutaja cheo cha mkubwa na sifa zake. Mwombaji hakujiita "mimi," bali "mwombaji wako," kana kwamba asimulia habari za mtu mwingine. Kisha akaeleza yeye ni nani, ana watoto wangapi, amepatwa na nini, na anaomba nini. Mwishoni akaahidi kumwombea mkubwa kwa Mungu siku zote. Asiyejua kuandika jina lake alitia alama ya msalaba. Tena, ikiwa amebahatika, chini ya hapo waliandika watu wenye heshima waliomfahamu: padre wa Wakatoliki, kasisi wa Kanisa la serikali, mwenye ardhi, na pengine hata watu wa baraza waliomhukumu. Maneno yao machache aghalabu yalikuwa na uzito kuliko barua nzima.

Na tutoe mfano, ili mambo yaonekane wazi. Hatumtaji mtu mmoja aliyeishi, ila twaeleza yaliyowapata wengi. Mwaka 1822, kwa ajili ya fujo zilizokuwako mashambani, ilitolewa sheria kali. Katika wilaya zilizotangazwa, mtu aliyekutwa nje ya nyumba yake baina ya machweo na macheo pasipo sababu njema aliweza kuhukumiwa bila baraza la wazee wa kiapo, na adhabu yake ilikuwa kupelekwa ng'ambo kwa miaka saba. Ng'ambo hiyo ilikuwa Australia, safari ya jahazi ya yapata miezi minne. Miaka saba ilikuwa kwa hukumu tu; nauli ya kurudi haikutolewa, na wengi hawakurudi kamwe. Basi fikirini mwanamke ambaye mumewe amekamatwa usiku na kuhukumiwa hivyo. Kodi ya shamba inadaiwa, watoto ni wadogo, na jahazi li tayari bandarini. Siku alizo nazo ni chache. Afanya haraka kwenda kwa mwalimu, aeleza ya kuwa mumewe alitoka kumtazama ng'ombe aliyekuwa akizaa, na barua yapelekwa Dublin.

Huko Ngomeni karani aliifungua. Tangu mwaka 1818 barua zilizoingia katika ofisi ya Katibu Mkuu zilitiwa namba na kuandikwa katika daftari. Karani aliikunja karatasi, na mgongoni akaandika jina la mwombaji, tarehe, na muhtasari wa maneno machache. Baadaye mkubwa hakuiamini wala hakuikataa papo hapo, aliuliza. Ikiwa ni habari ya mfungwa, aliandikiwa jaji aliyemhukumu, aeleze ushahidi ulikuwaje na kama mtu huyo astahili huruma. Ikiwa ni malalamiko mengine, aliandikiwa hakimu wa mahali hapo.

Hapa palikuwa na jambo jema na jambo baya. Jema ni kuwa serikali ilitafuta habari kabla ya kujibu. Baya ni kuwa aliyeulizwa pengine ndiye yule yule aliyelalamikiwa, au rafiki yake, kwa maana mahakimu wengi walikuwa wenye ardhi. Mkulima aliyemshitaki hakimu kwa Naibu wa Mfalme aliweza kuona barua yake imerudi kijijini katika mikono ya hakimu huyo. Twaweza kufahamu kwa nini wengine waliogopa kuandika, na wengine waliandika pasipo kutaja majina yao.

Majibu mengi yalikuwa mafupi. Mgongoni mwa arzihali nyingi za wafungwa limeandikwa neno moja tu: sheria ifuate njia yake. Lakini si zote. Wako waliopunguziwa adhabu. Aliyehukumiwa kufa alipelekwa ng'ambo badala ya kunyongwa, na aliyehukumiwa kupelekwa ng'ambo alifungwa katika nchi yake. Wako wanawake walioshindwa kumwokoa mume, wakaandika tena kuomba wapewe nafasi katika jahazi wamfuate pamoja na watoto wao, na baadhi yao walichukuliwa kwa gharama ya serikali. Mtu asiyejua kuandika jina lake alipata hivyo kubadili safari ya nyumba nzima kwa karatasi moja.

Ni nini kilichofanya barua moja isikizwe na nyingine isisikizwe? Sifa kwa mkubwa hazikusaidia sana, maana kila mtu alizitoa. Kilichosaidia ni mambo yawezayo kupimwa: kosa ni la kwanza, mkosaji ni kijana, shahidi fulani yupo na aweza kuulizwa, mshitaki mwenyewe amesamehe na ametia sahihi. Serikali iliyo mbali haikuweza kuona machozi, lakini iliweza kuhakikisha tarehe na majina. Mwandishi hodari alilijua jambo hilo.

Haikuwa habari za wafungwa peke yake. Mvua nyingi za mwaka 1821 ziliharibu viazi, na mwaka 1822 njaa ikaingia magharibi na kusini, katika wilaya kama Mayo, Galway na Clare. Mapadre, makasisi na wenye ardhi wakaandika Ngomeni kueleza ya kuwa watu wanakufa, na homa inafuata njaa. Katika sehemu nyingi chakula kilikuwapo sokoni, lakini watu hawakuwa na fedha ya kukinunua. Kwa hiyo waliomba kazi, na serikali ikatoa fedha za kutengeneza barabara ili wenye njaa wapate ujira. Wajane wa askari waliandika kuomba msaada, na vijana waliandika kuomba kazi za serikali. Sanduku la Katibu Mkuu halikukauka.

Lakini katika makaratasi hayo hayo twaona barua za namna nyingine kabisa. Baina ya mwaka 1821 na 1824 watu waliochoshwa na kodi na fungu la kumi walibandika matangazo milangoni usiku, yakimwonya mwenye ardhi au mkusanya kodi aache, la sivyo nyumba yake itachomwa. Yalitiwa sahihi ya mtu asiyekuwapo, Captain Rock. Mahakimu waliyabandua na kuyapeleka Dublin, na hivyo barua ya kuomba na barua ya kutisha zikalazwa pamoja katika ofisi moja. Zote mbili zilitoka katika shida moja. Mlango wa kuomba ulipoonekana umefungwa, wengine walishika kibiriti.

Palikuwa na njia ya tatu. Mwaka 1823 Daniel O'Connell, mwanasheria Mkatoliki, na wenzake waliunda Chama cha Wakatoliki. Mwaka uliofuata waliweka mchango wa peni moja kwa mwezi, hata maskini aweze kuingia. Waliandika arzihali kwa Bunge, lakini si arzihali za mtu mmoja aombaye huruma. Zilikuwa za watu wengi waliotia sahihi pamoja, nao walidai haki. Mwaka 1828 O'Connell alichaguliwa katika wilaya ya Clare, na mwezi wa Aprili 1829 sheria ilitolewa kuwaruhusu Wakatoliki kuketi katika Bunge. Mwombaji wa huruma hutegemea moyo wa mkubwa. Adaiye haki hutegemea wingi na umoja wa wenzake. Watu wa Ireland walijifunza la pili baada ya kulijaribu la kwanza miaka mingi.

Twajuaje mambo haya yote? Wahenga wasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba kubwa ya kuhifadhia makaratasi ya nchi iliteketea huko Dublin, na habari za karne nyingi zikawa majivu. Lakini barua za Katibu Mkuu zilikuwa zimewekwa penginepo, Ngomeni kwenyewe, nazo zikasalimika. Sasa zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Ireland. Mwaka 1988 serikali ya Ireland iliipa Australia nakala za habari za watu waliopelekwa huko, na wajukuu wa wafungwa wakaweza kusoma namna bibi zao walivyowalilia waume wao.

Karani aliyetia namba alidhani anapanga kazi ya ofisi tu. Hakujua ya kuwa anamhifadhia mwanamke maskini sauti yake. Wakubwa waliozipokea barua hizo wamekufa na vyeo vyao vimeondolewa; lakini alama ya msalaba, iliyotiwa na mkono usiozoea kalamu, ingali ikionekana chini ya karatasi.